Zaka ya Mnyonge na Uhuru wa Kanisa

Mnamo Novemba 18, 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi aliagiza kwamba fedha alizotoa Rais William Ruto siku iliyotangulia katika Kanisa la Soweto, jijini Nairobi, zirejeshwe. Zilikuwa Sh2 milioni za kujengea nyumba ya padri, na Sh600,000 za kwaya na watoto. Ahadi ya Sh3 milioni zaidi na basi la parokia nayo ilikataliwa.

Wako waliouliza ni mwenye njaa gani anayetema tonge. Nami nawajibu kwamba swali hilo linasahau maana ya kutoa. Katika Kumbukumbu la Torati, zaka ya kila mwaka wa tatu iliwekwa akiba mjini ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Katika Injili ya Marko, Yesu aliyapita mafungu ya matajiri akausifu mchango wa mjane mwenye sarafu mbili, kwa kuwa alitoa riziki yake yote. Basi kipimo cha sadaka si wingi wake, bali ni jasho la mtoaji na haja ya mpokeaji.

Fedha za mwanasiasa huja na kipaza sauti. Wahenga walinena kwamba mla cha mwenziwe na chake huliwa. Kanisa nalo linalo la kuliwa: sauti yake. Mhubiri aliyejengewa nyumba na mkubwa atawezaje kusimama Jumapili na kukemea ufisadi au kuwatetea vijana waliouawa katika maandamano ya 2024?

Hata hivyo, kurejesha fedha hakuezeki paa. Ikiwa twataka kanisa lisilonyamazishwa, sharti sisi waumini tulilipie. Ni unafiki kumpongeza askofu kwa ujasiri wake, kisha kupitisha kapu la sadaka bila kutia kitu ilhali tunacho. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kilichojazwa na watu mia tano hakina bwana mmoja wa kukidai.

Viongozi wa dini nao wana deni. Wako wanaomtisha maskini kwa maneno ya nabii Malaki, kwamba asiyetoa zaka anamwibia Mungu, lakini hawasomi hesabu mbele ya waumini. Katika Mathayo 23, Yesu aliwakemea waliotoa zaka hata ya mnanaa na bizari huku wakipuuza haki, rehema na uaminifu. Hakuwaambia waache zaka, bali yale makuu yasiachwe.

Kwa maoni yangu, kila kanisa lingepaswa kubandika mlangoni, kila mwezi, kiasi kilichoingia, kilichotumika, na sehemu iliyowafikia wajane na yatima. Muuza mboga akiona mahali shilingi zake ishirini zilipokwenda, atatoa tena kwa moyo mkunjufu, na kanisa halitahitaji kumngoja mheshimiwa.