Mpenzi wa anime asiishie kwenye katuni

Anime, yaani katuni za Kijapani, imewafanya vijana wengi waipende Japani, lakini kupenda si kujua. Wahusika wake wengi husema kwa ukali au majivuno ambayo yangemkera karani yeyote wa manispaa, na ni nadra hadithi kusimama kumfundisha mtazamaji namna ya kutenganisha taka kwa aina na siku zake, au kusajili anwani ndani ya siku 14 baada ya kuhamia, kama sheria inavyomtaka mgeni mkazi. Mambo ya namna hiyo hufundishwa kwingine mtandaoni, tena bure: NHK World, idhaa ya kimataifa ya shirika la utangazaji la Japani, ina masomo ya Kijapani kwa Kiswahili, na Japan Foundation, taasisi ya Japani ya utamaduni na lugha, hutoa vitabu vya Irodori, vilivyoandikwa kwa ajili ya maisha na kazi nchini Japani.

Wapo watakaosema anime ni burudani, si darasa. Ni kweli, na anayetazama kwa kujifurahisha hadaiwi kitu. Wengine watasema anime huonyesha Japani halisi: mahekalu, treni, vyakula. Huonyesha, ila huchagua kinachopendeza. Anayetaka kusoma au kufanya kazi huko azipe nyenzo hizo za mtandaoni muda uleule anaoipa anime.