Mgeni wa Bujumbura Aonyeshwe Nini?

Mama mwenye nyumba apatapo habari kwamba shemeji yake yuaja Bujumbura kwa siku tatu, hufikiri kwanza kitanda na chakula. Matembezi huyakumbuka mwisho, na hapo ndipo wengi hugundua kwamba wamekaa mjini miaka mingi bila kupata kuona mahali ambapo wageni huvuka mipaka kuja kupaona.

Mgeni na apandishwe mlimani kwanza, kwenye kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore. Kutoka hapo, hasa asubuhi iliyotanguliwa na mvua, huonekana mji mzima, kisha ziwa, na ng'ambo yake milima ya Kongo. Rwagasore aliuawa kwa risasi tarehe 13 Oktoba 1961 katika hoteli iliyo kando ya ziwa hilo hilo, akiwa na umri wa miaka 29, majuma machache tu baada ya chama chake cha UPRONA kushinda uchaguzi. Uhuru ulipopatikana tarehe 1 Julai 1962, yeye hakuwapo. Watoto wanaolijua jina lake kwa sababu ya barabara tu, nao wafaa kupelekwa.

Kusini ya mji, mwendo wa kilometa 12 hivi, liko jiwe la Mugere. Limechongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Hapa mwenyeji hana budi kuwa mwangalifu wa maneno yake. Wapo wanaowaambia wageni kwamba hapo ndipo wazungu hao wawili walipokutana na kupeana ile salamu iliyovuma duniani. Sivyo. Walikutana Ujiji, karibu na Kigoma, majuma kadhaa kabla. Mugere walilala siku mbili tu, wakiwa safarini.

Tena kisa cha kweli ni kitamu kuliko hicho cha kubuni. Livingstone alikuwa akiitafuta chemchemi ya mto Nili, na swali lilikuwa moja: mto Rusizi waingia ziwani, au watoka? Kama ungalikuwa watoka kwenda kaskazini, pengine Tanganyika ndiyo ingalikuwa chemchemi yenyewe. Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Uvira, wakaambiwa na wenyeji kwamba mto waingia, lakini walirudi bila kufika mdomoni mwake. Miaka 13 baadaye Livingstone na Stanley walisafiri kwa mtumbwi kutoka Ujiji, wakalala Mugere, wakaendelea hadi mdomo wa mto, nao wakayaona maji yakiingia. Jambo hilo wenyeji walikuwa wamekwisha lisema.

Mgeni aliyesikia hayo atatamani kuuona mto wenyewe, na si mbali. Hifadhi ya Taifa ya Rusizi iko upande wa magharibi wa mji, karibu na njia iendayo Gatumba na mpaka wa Kongo. Humo mna viboko, mamba, mikoche na ndege wa kila namna. Ndiko alikopatia sifa yule mamba mkubwa aitwaye Gustave, anayesadikiwa kuwa aliua watu wengi. Filamu ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi alivyotegwa kwa kizimba, asinaswe. Watu waingie pamoja na kiongozi wa hifadhi, wala asiwepo wa kuteremka majini kunawa miguu. Familia yenye watoto wadogo itaona nafuu kwenda Musée Vivant, makumbusho yenye wanyama hai iliyoanzishwa mwaka 1977, ambako mamba hutazamwa nyuma ya ukuta.

Ufukwe wa Saga ni mzuri, ila yafaa kuuliza hali yake kabla ya kufunga vyakula vya safari. Mwaka 2024 ziwa lilijaa kupita kiasi, likafunika fukwe, barabara na nyumba za watu. Aidha viboko hutoka majini jioni kutafuta majani, kwa hiyo jua likianza kuzama watoto waondolewe kandokando ya maji.

Soko Kuu, ambalo wageni wa zamani hulisimulia sana, liliteketea kwa moto tarehe 27 Januari 2013. Ngoma mashuhuri za Gishora ziko upande wa Gitega, na hizo zataka siku yake peke yake.

Jioni ya mwisho iwe Buyenzi. Huko mgeni atokaye Kigoma au Dar es Salaam hahitaji mkalimani, kwani Kiswahili ndicho lugha ya vibarazani. Aagiziwe mukeke wa kukaanga. Yule wa Kigoma ataling'amua mara moja: samaki huyo kwao huitwa mgebuka.