MUHURI BILA MACHO: TAMKO LA TAWI KUHUSU UMEME WA MAJUMBANI

*Kwa wanachama wote wa Tawi. Viongozi wa mashina, wasomeeni wazee wasio na simu janja.*

Ndugu wanachama,

Kamati ya Tawi iliyokaa Jumapili imeagiza jambo hili litoke kwa maandishi, maana kwenye kundi limejadiliwa siku tatu na mwisho watu wakaanza kutajiana wazazi.

Jambo lenyewe ni kwamba hapa mtaani muhuri wa mkandarasi wa umeme unauzwa kama vocha. Unamwita fundi, anatandaza nyaya, anafunga swichi na soketi, mnaelewana bei. Siku ya kuomba umeme anakwambia, "Mama, ongeza kidogo, kuna mtu wa kugonga muhuri." Mtu mwenyewe humwoni. Hajui nyumba yako ina vyumba vitatu au saba. Jioni fomu inarudi imesainiwa, na mchoro ndani yake ni wa nyumba nyingine kabisa. Bei ya muhuri huo watu wanaijua kuliko bei ya mchele.

Tuelewane kwanza kibali ni nini, kwa sababu wengi wanadhani ni karatasi ya kupita nayo mlangoni. Huku Bara, kazi ya kufunga umeme ndani ya nyumba ifanywe na mtu mwenye leseni ya EWURA. Leseni hizo zina madaraja, na kila daraja lina mipaka ya kazi. Yeye ndiye anayejaza fomu ya wayaringi, anachora, anasaini, anagonga muhuri, ndipo ombi linakwenda TANESCO. Kwa hiyo kibali cha nyumba yako ni neno la mtu: "Nimeiona kazi hii, nimeipima, nawajibika nayo." Asiyefika kwako hana neno la kukupa. Anachokuuzia ni wino.

Wapo wenzetu waliosema kwenye kundi kwamba bora muhuri ununuliwe, mradi taa ziwake. Hoja hiyo ni ya hatari, na tunaomba isirudiwe kwenye vikao vyetu. Bomba likivuja utaona ukuta umelowa. Umeme ukivuja kwenye bati la friji huoni kitu. Nyumba isiyo na ethi taa zake zinawaka vizuri tu. Waya mwembamba wa taa, ule wa milimita 1.5, ukiungwa kwenye soketi za jikoni badala ya 2.5, pasi itapata moto kama kawaida, na waya nao utakuwa unapata moto darini polepole, usiku baada ya usiku. Ndiyo maana kuwaka kwa taa si ushahidi wa chochote, na ndiyo maana sheria haikumwachia mwenye nyumba ajikague mwenyewe.

Wengine wakaenda upande wa pili: leseni yote ni ulaji, ifutwe, fundi ni fundi. Hawa tunawaelewa zaidi, kwa sababu hasira yao ina mzizi. Vijana wengi wa tawi hili ndio wanaopanda ngazi. Ndio wanaochimba kuta, wanaopitisha paipu, wanaovuta waya kwenye dari lenye joto la mchana. Halafu mwenye leseni, ambaye hata hajapakwa vumbi, anachukua chake kwa kugonga tu. Huo ni unyonyaji na tuuite kwa jina lake. Lakini ukifuta leseni umemwachia nani mtaa? Vishoka. Leo kishoka anamkodi mwenye muhuri. Kesho hatahitaji hata huyo. Kijana wetu mwenye ujuzi atashindana bei na mtu aliyejifunza kuunga waya juzi, na mteja hatakuwa na njia ya kuwatofautisha.

Dawa ni kijana awe na leseni yake mwenyewe. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa waliojifunzia kazini, na cheti hicho ni hatua ya kuelekea kwenye leseni. Tawi litaandikisha majina ya mafundi wetu kuanzia wiki hii. Hatutaki kusikia tena kijana wa miaka kumi kazini anaitwa "msaidizi" wa mtu asiyemjua.

Sasa fedha, kwa sababu hapa ndipo watu wanaibiwa mchana. Gharama za kuunganishiwa njia moja zilizotangazwa Januari 2022 zilikuwa Sh 27,000 vijijini, na mjini Sh 320,960 kwa nyumba iliyo ndani ya mita 30, isiyohitaji nguzo. Inalipwa kwa namba ya malipo inayokuja kwenye simu yako. Anayetaka "ya nguzo" au "ya kuharakisha" mkononi, mkatalie na mlete jina lake ofisini. Kuna mwanachama wetu, mjane, alitoa hela kwa mtu wa aina hiyo kabla ya mvua za vuli, na mpaka leo anawasha taa ya sola.

Na tusiambiwe kwamba kufuatilia mihuri ni kazi ngumu. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, na haijawahi kusahau mita hata moja ya mtaa huu. Nchi inayoweza kuifikia kila mita kwa ajili ya kodi inaweza pia kusema ni nani aliyesaini nyumba ya kila mita.

Kwa hiyo kwenye mkutano wa mtaa ujao wanachama wetu wasimame na wadai orodha ya wakandarasi wenye leseni ibandikwe ofisi ya mtaa, pamoja na namba zao za leseni. Tunadai pia fomu yoyote ya mtu ambaye hakufika eneo la kazi ikataliwe, na leseni yake ipelekwe kwa aliyeitoa. Mwenyekiti wa mtaa ameshapewa barua yetu. Hajajibu.

Unayejenga sasa, usilipe salio la fundi mpaka mwenye leseni afike kwako kwa miguu yake, afungue meni swichi mbele yako, aioneshe nondo ya ethi ilipozikwa na aipime. Andika jina lake na namba ya leseni kwenye daftari lako, kisha kazihakiki EWURA.

Majina ya mafundi yapokelewe na viongozi wa mashina hadi Ijumaa saa 10 jioni.

*Katibu wa Tawi*
*kwa niaba ya Kamati*