Kura 25 za Tembuland

Kabla hujasema kwamba uchaguzi wa diwani si lolote, msikilize Mchungaji Walter Rubusana.

Mwaka 1909 alisafiri na wenzake hadi London kupinga sheria ya kuunganisha makoloni manne ya Afrika Kusini, kwa kuwa ilimfungia Mwafrika mlango wa Bunge. Walirudi mikono mitupu. Mwaka uliofuata nchi ikaunganishwa, ila katika mkoa wa Cape ulibaki mlango mmoja mdogo: Baraza la Mkoa. Huko, Mwafrika aliyetimiza masharti ya mali au kipato na kujua kuandika aliruhusiwa kupiga kura, hata kugombea.

Rubusana hakuudharau mlango huo. Aligombea jimbo la Tembuland, mkoani humo, mwaka 1910, akawashinda wagombea Wazungu kwa tofauti ya kura 25, na kuwa Mwafrika wa kwanza kuingia katika baraza lile.

Kura 25! Watu wa daladala moja tu. Wangebaki nyumbani wakisema “kura yangu itabadili nini?”, kiti kile kingeweza kwenda kwingine.

Mwaka 1914 kilikwenda kweli. John Tengo Jabavu, mhariri wa gazeti la Imvo Zabantsundu, naye aligombea. Kura za Waafrika zikagawanyika, na Mzungu akashinda, ingawa kura za Rubusana na Jabavu zikijumlishwa zilizidi zake. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Rubusana hakususa: mwaka huohuo alirudi London na wajumbe wengine kupinga Sheria ya Ardhi ya 1913. Lakini kiti kilikuwa kimepotea, na mwaka 1936, mwaka aliofariki, wapiga kura Waafrika wa Cape wakaondolewa katika daftari la pamoja na Wazungu.

Sisi leo hatuulizwi mali wala rangi. Ndiyo maana inauma kuona kituo cha kura kitupu pale tunapomchagua diwani au mwakilishi wadi, ambaye kauli yake inagusa zahanati yetu, soko letu, na mtaro unaofurika mbele ya nyumba zetu kila masika.

Basi tufanye mambo matatu. Hakiki jina lako kwenye daftari sasa, usingoje wiki ya mwisho. Hudhuria kikao cha baraza lako, hata kimoja kwa mwaka, na umuulize mwakilishi wako fedha za kata zimekwenda wapi. Na ninyi wenye nia moja mnaotaka kugombea, kaeni kitako mzungumze kabla ya kuchukua fomu. Kugombea ni haki ya kila mmoja, lakini kushauriana ni heshima kwa wale mnaotaka kuwatumikia.

Anza na jirani yako. Muulize jioni ya leo kama amejiandikisha, na kama bado, msindikize.