Duka Kubwa Likishaingia Mjini

Wasomaji wetu, na hasa kina mama ambao maswali yao ndiyo yanayotupa la kuandika kila juma, mtatuwia radhi leo tukiuacha mlango wa tohara tuliokuwa nao na kuingia mlango wa biashara. Kuna jambo limetokea mtaani.

Duka la Mshihiri limefungwa. Tulilikuta tangu tuko chuoni tukisoma Juzuu Amma, tukitumwa mafuta ya taa na kibiriti. Halikuwa duka la kusifiwa. Lilikuwa na giza, mizani yake ilikuwa na kutu, na mwenyewe alikuwa mkali kwa watoto. Lakini alikuwa na daftari, na ndani ya daftari lile mlikuwamo nusu ya mtaa. Siku alipokuwa akiondoa mbao za rafu tulimwuliza limebaki deni kiasi gani. Alilifunika daftari akasema, "Maalim, niliyoyasamehe nimeyasamehe, na yaliyobaki tutaonana Akhera." Kisha akacheka, nasi hatukujua tucheke au tusicheke.

Watu wakiulizwa sababu hutaja neno moja tu: supamaketi. Ni kweli, lakini kweli hiyo inataka kufafanuliwa, kwa sababu Mombasa haikuanza leo kuona maduka makubwa. Nakumatt tuliizoea hata tukadhani ni ya milele, kisha mwaka 2018 mahakama ikaiweka chini ya msimamizi kwa madeni yaliyopita shilingi bilioni 30, na mwaka 2020 wadai wake wakaamua ivunjwe. Tuskys nayo ikafuata njia hiyo hiyo. Katika pengo lile wakaingia wengine wenye mifuko mirefu zaidi. Naivas, iliyoanza kama duka la familia huko Bonde la Ufa, iliuza sehemu ya hisa zake mwaka 2022 kwa kundi la wawekezaji linaloongozwa na kampuni ya Morisi. Na kuna Carrefour, jina la Kifaransa lililozaliwa mji wa Annecy mwaka 1959, ambalo hapa kwetu huendeshwa na kampuni ya Majid Al Futtaim ya Dubai. Wale waliopitia Dubai wakienda umra wanalijua vyema. Lilifungua mlango wake wa kwanza Kenya mwaka 2016, Karen jijini Nairobi, kisha likateremka Pwani hadi Nyali.

Tuseme haki. Mama wa nyumba anayeingia humo hakuti mizani yenye kutu. Bei imeandikwa, tarehe ya kuharibika imeandikwa, na hakuna mwenye duka wa kumwuliza kwa nini leo hanunui mchele wa biryani. Anaweza kumtia mtoto katika kitoroli akatembea kwa utulivu chini ya kipoza hewa, na ambaye hajalionja joto la Februari katika Marikiti asimcheke. Tena wamo humo mabinti zetu, wamekaa kwenye kaunta za malipo na hijabu zao, wakipokea mshahara unaolipa karo za wadogo zao. Anayewaambia watu wasusie maduka haya na awatazame mabinti hao usoni kwanza.

Basi duka la Mshihiri liliuawaje? Si kwa bei peke yake. Tulikaa naye barazani baada ya Alasiri, naye akatueleza kwa namna ambayo hatukuwahi kuifikiria. Wateja wake, alisema, walikuwa wa aina mbili. Wapo waliopokea mshahara mwisho wa mwezi, wakanunua gunia la mchele na dumu la mafuta kwa fedha taslimu. Na wapo walionunua robo ya sukari, mafuta ya kupimia ya shilingi ishirini, na majani ya chai ya kufungwa kwenye karatasi, mara nyingi kwa kuandikiwa. Fedha za wa kwanza ndizo zilizombeba yeye akaweza kuwabeba wa pili. Supamaketi ilipofunguliwa haikuwachukua wa pili, kwani haiwataki: haipimi mafuta ya shilingi ishirini wala haina daftari. Iliwachukua wa kwanza. Alibaki na wadeni watupu, na jumla mjini hakumpa mtu mali kwa sura yake.

Haya ndiyo yaliyotunyima usingizi. Aliyetajirika kidogo amepata sukari kwa nafuu ya shilingi chache, na jirani yake aliyepungukiwa amepoteza mahali pekee palipomwamini. Mjane mmoja wa mtaa wetu sasa hukopa kwa simu, siku hiyo hiyo akakatwa ada, na akichelewa huongezewa. Yule Mshihiri mkali hakuwahi kumwongezea mtu hata senti. Sisi tuliohama kwenda kusukuma vitoroli, na mwandishi wa safu hii ni mmoja wao, hatukukusudia ubaya wowote. Tulikwenda kununua nepi.

Upande wa pili wa jambo hili uko nyuma ya rafu, mahali ambapo mnunuzi haoni. Mwezi wa Shaabani alitujia mama mmoja mtengeneza achari. Wengi wenu mmeila achari yake ya maembe bila kumjua. Alikuwa ameitwa na duka moja kubwa, ambalo hatutalitaja na ambalo silo tulilolitaja juu, akaambiwa bidhaa yake imependwa. Alikuwa tayari na alama ya ubora ya KEBS, ambayo ilimsumbua mwaka mzima. Alikuja kutuuliza kama yafaa kuuza bangili zake nne za dhahabu, za mahari, ili anunue chupa na maembe ya kutosha agizo hilo.

Tulimwomba karatasi tuisome. Bintiye, ambaye kwa kudra ya Mola ni keshia katika duka jingine kubwa, alitusaidia Kiingereza chake. Kulikuwa na ada ya kuingizwa rafuni, kwa kila tawi. Kulikuwa na makato ya asilimia kadhaa katika kila ankara. Chupa za kwanza zilitakiwa bure. Mali isiyouzika ingerudishwa kwake kwa gharama yake. Na malipo yangetoka "baada ya siku sitini au kadiri itakavyowezekana".

Tukamwambia, "Mama, tuanze na hili la mwisho. Kuuza kwa muda si haramu, muda ukijulikana. 'Kadiri itakavyowezekana' si muda." Ama kurudisha mali, hapo ndipo tulipokaa zaidi. Mnunuzi akishanunua, hasara ya kutouzika ni yake kama ilivyo faida. Ikiwa mali itarudi kwa mwenyewe imeharibika, basi mwenye duka hakununua kitu. Amekuwa wakala wa kumwuzia. Na wakala halipishwi yeye na mwenye mali pamoja na kudai zawadi na kukalia fedha siku sitini. Wakala hupewa ujira wake, na fedha zikishapatikana ni amana mkononi mwake. Karatasi ile ilichukua faida ya mnunuzi na usalama wa wakala, ikamwachia mama wa watu hatari zote mbili.

Wengine watasema Maalim anatia fiqhi ya karne ya kwanza katika mambo ya leo. Basi na watazame sheria ya nchi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 iliongezwa baadaye vifungu juu ya nguvu za mnunuzi, yaani mnunuzi aliye mkubwa kiasi cha kumlazimisha muuzaji masharti. Mwaka 2020 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliamua kwamba Carrefour ilizitumia vibaya nguvu hizo kwa muuzaji wake wa maziwa ya mgando, kampuni ya Orchards: makato, bidhaa za bure, ada ya kila tawi jipya, hata kumtaka alete wafanyakazi wake mwenyewe. Kampuni ilikata rufaa, na mwaka 2021 baraza la rufaa likaushikilia uamuzi. Kisha Desemba 2023 mamlaka hiyo ikatoza faini ya zaidi ya shilingi bilioni 1.1 kwa malalamiko ya wauzaji wengine wawili. Mmoja ni wa asali. Wa pili ni Pwani Oil, watengenezaji wa mafuta ya kupikia na sabuni wa huku huku kwetu, ambao bidhaa zao zimo katika kila jiko la Pwani. Ikiwa kiwanda kama hicho kilijiona dhaifu mbele ya rafu, tumseme vipi mama mwenye sufuria tatu na mwiko?

Mtume (s.a.w.) alikataza watu kuwalaki wenye misafara nje ya mji na kuwanunulia mali yao kabla hawajaingia sokoni wakajua bei. Maulamaa wetu wameeleza sababu: anayekuja na mali peke yake, hajui habari za soko, hudhulumiwa na anayezijua. Wala Wafaransa wenyewe hawakuliona jambo hili dogo. Mwaka 1973, miaka kumi tu tangu Carrefour ifungue duka lake kubwa la kwanza pembezoni mwa Paris, bunge lao lilipitisha sheria kwamba duka la ukubwa fulani lisifunguliwe ila kwa idhini ya tume ambayo wenye maduka madogo walikuwa na viti ndani yake. Hatusemi ilitengeneza kila kitu. Tunasema waliulizwa kabla ya mlango kufunguliwa. Hapa Mombasa, ni lini mwenye kibanda Kongowea aliulizwa?

Kaunti inatoza leseni kwa kila duka na kila kibanda. Lingekuwa jambo jepesi kwa mwakilishi wa wadi, aliyejaa mitaani siku za kura, kuuliza ni sehemu gani ya rafu za duka jipya itawekewa mali ya Pwani, na italipwa baada ya siku ngapi. Nasi wa misikitini tuna lawama yetu: tunazo kamati za mazishi na za maulidi, na hatuna hata moja ya mkopo mwema wa mchele na sukari. Kina mama wa mtaa wa pili wameanza kuchanga mia mbili mbili kila Jumamosi, hununua magunia kwa jumla na kugawana, na wamemwomba Mshihiri awawekee hesabu. Amekubali, kwa sharti kwamba watoto wasiguse mizani.

Yule mama wa achari alirudi kwenye duka lile na kalamu, akaomba neno "siku thelathini" liandikwe na sharti la kurudisha mali lifutwe. Kijana wa ununuzi alimjibu kwa adabu kwamba karatasi ile imechapishwa makao makuu na haina nafasi ya kuandikwa kitu. Alirudi nyumbani. Bangili zingali mkononi mwake, tuliziona Ijumaa alipotuletea chupa mbili, na bintiye bado anaondoka alfajiri kwenda kukaa kaunta. Maembe ya Desemba yakija, mama anasema, atapika kiasi cha kuuza mwenyewe mlangoni kwake na si zaidi.