Mwigizaji na Kongwa la Mhusika

Mwigizaji wa Kenya hupata sifa kuu siku ambayo hadhira inalisahau jina lake halisi na kumwita kwa jina la mhusika wake. Ajabu ni kwamba siku iyo hiyo ndiyo milango ya majukumu mengine huanza kufungwa. Anapojaribu kuivua nafasi iliyompa umaarufu na kushindwa, huambiwa kwamba kipawa chake ni finyu au kwamba amelewa sifa. Madai hayo hayana mashiko. Aghalabu kinachomfunga mwigizaji ni mswada anaoandikiwa, na lawama yapasa kuelekezwa huko.

Chukua mfano wa marehemu Benson Wanjau, aliyefariki jijini Nairobi tarehe 12 Julai 2015. Wakenya walimjua kama Mzee Ojwang' wa kipindi cha Vitimbi, kilichopeperushwa kwa miaka mingi na Shirika la Utangazaji la Kenya. Wanjau alikuwa Mkikuyu, ilhali Ojwang' alizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo. Aliimudu lafudhi hiyo kwa ustadi hata watazamaji wengi wakaamini kwamba yeye mwenyewe ni Mjaluo. Vivyo hivyo, wapo waliodhani kwamba Mary Khavere, aliyeigiza Mama Kayai, alikuwa mkewe wa ndoa. Mtu awezaye kuivaa lafudhi isiyo yake na kuishi nayo kwa miongo kadhaa hawezi kusemwa kuwa na kipawa finyu. Angeweza kuwa hakimu, kasisi au mtawala katili. Miswada ya kumpa nafasi kama hizo, zenye uzito wa kushindana na Ojwang' katika kumbukumbu za watu, ilikuwa wapi?

Wanafunzi wa fasihi hufunzwa mapema tofauti baina ya mhusika bapa na mhusika duara. Bapa habadiliki, duara hukua, hujikanganya na kujifunza. Vichekesho vya kila wiki hujengwa juu ya bapa. Katika Papa Shirandula, kipindi kilichoanza kuonyeshwa na runinga ya Citizen mwaka wa 2007, bawabu anamficha mkewe kazi yake halisi. Siri hiyo ikifichuka kabisa, msingi wa kicheko unabomoka. Kwa hiyo sharti udanganyifu uanze upya kila wiki. Utaratibu huo humfaa mtayarishaji, kwa kuwa mtazamaji hahitaji kukumbuka yaliyopita. Mwigizaji, hata hivyo, hubaki pale pale. Charles Bukeko alipofariki tarehe 18 Julai 2020, habari zilienea kote nchini kwamba Papa Shirandula ameaga dunia.

Yupo Mkenya aliyelivua kongwa hilo, na njia aliyopitia ina funzo. Lupita Nyong'o alitunukiwa tuzo ya Oscar mwaka wa 2014 kwa kuigiza Patsey, mtumwa katika filamu ya 12 Years a Slave. Ameeleza hadharani kwamba baada ya ushindi huo aliletewa majukumu mengine ya watumwa. Hakukubali kuwa Patsey wa kudumu. Mwaka wa 2016 alikuwa jukwaani Broadway katika tamthilia ya Eclipsed yake Danai Gurira. Mwaka wa 2018 akawa jasusi katika Black Panther. Na mwaka wa 2019, katika Us, akaigiza wahusika wawili wanaohasimiana katika filamu moja. Ujasiri wake ni wa kusifiwa. Hata hivyo, ujasiri huo ulifaa kitu kwa sababu palikuwepo waandishi wenye nafasi nyingine za kumpa. Mwigizaji wa Kiswahili akikataa mswada wa kwanza, mara nyingi hakuna wa pili.

Watakuwepo watakaosema, usiache mbachao kwa msala upitao. Jina la mhusika ni mtaji. Jacqueline Nyaminde alilibeba jina la Wilbroda, mke wa Papa Shirandula, hadi kwenye utangazaji wa redio, na hapana haki ya kumlaumu. Anayekula kwa jina hana budi kulitunza. Lakini mtu hawezi kusemwa kuwa amechagua ikiwa njia iliyo mbele yake ni moja tu.

Wala isisemwe kwamba Kiswahili hakina wahusika wa kumkomaza mwigizaji. Vikundi vilivyozunguka shuleni vikiigiza tamthilia teule, kama vile Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia na Mstahiki Meya ya Timothy Arege, viliwapa waigizaji nafasi nzito za watawala, wapinzani na wasaliti. Ila sanaa hiyo ilifungamana na mtihani: kitabu kikiondolewa katika silabasi, onyesho nalo huzikwa.

Basi mzigo huu unawaangukia wasomi wa Kiswahili. Idara zinazofundisha tamthilia ziukubali mswada wa runinga kuwa kazi ya kitaaluma sawa na tasnifu ya uhakiki. Wanafunzi wanaohitimu kila mwaka waandike michezo ambamo bawabu hufichuliwa na bado kisa huendelea. Wahakiki nao, wanapochambua vipindi hivi, wamtaje mwigizaji kwa jina lake kabla ya la mhusika. Benson Wanjau alistahili kutajwa hivyo angali hai.