Gari likitetemeka sailensi, fundi alipwe kwa kupima

WAFANYABIASHARA wadogo wengi wa Mwanza hawanunui magari mapya. Anayetoa dagaa Mwaloni Kirumba kuwapeleka Magu au Misungwi, na mkulima anayeleta nyanya mjini, wote hutegemea Toyota iliyokwisha tumika miaka mingi Japani. Gari la namna hiyo likianza kutetemeka likiwa sailensi, yaani linanguruma limesimama bila kukanyagwa mafuta, mwenye mali husema ni uzee tu na kuendelea na safari.

Uzee huo una gharama. Injini ya silinda nne ambayo silinda moja haichomi sawasawa inatembea kwa nguvu ya tatu, huku petroli ya ile ya nne ikilipiwa bure. Sehemu yake hutoka na moshi na kuyaunguza masega yaliyomo kwenye bomba la ekzosi. Sehemu nyingine huteremka kwenye kuta za silinda na kuchanganyika na oili. Oili ikishakuwa nyepesi, vyuma vya ndani huanza kusagana, na hapo tatizo la plagi moja limegeuka kuwa tatizo la injini nzima.

Hata hivyo, lawama kubwa zaidi haimhusu mwenye gari anayepuuza. Inahusu utaratibu wa malipo uliozoeleka katika gereji nyingi, ziwe za Nyakato, Igogo au Mabatini. Fundi hulipwa kwa kufunga spea, halipwi kwa kugundua ubovu. Anayetumia saa nzima kutafuta, akakuta mpira mdogo wa hewa umepasuka, akaukata ncha na kuurudisha, huambiwa "si umechomeka tu?" na kupewa hela ya soda. Anayebadilisha plagi, kesho nyaya, keshokutwa nozeli na mwisho pampu ya mafuta, hulipwa mara nne, hata kama gari bado linatetemeka. Si lazima awe mwizi. Anafanya kazi inayolipwa.

Ndiyo maana bisibisi imekuwa dawa ya haraka. Sailensi inapandishwa, mtetemo unapungua, mteja anaondoka akishukuru. Toyota nyingi ndogo, injini ikishapata moto, hutulia kwenye mizunguko 650 hadi 800 kwa dakika. Ikipandishwa hadi 1,100 kuficha ubovu, ubovu unabaki palepale na petroli inaliwa kila gari linaposimama kushusha mzigo.

Kwa miaka mingi foleni ya kivuko cha Kigongo–Busisi ilikuwa kipimo cha bure: gari bovu lilijisema lenyewe mbele ya abiria. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, magari yanavuka bila kusubiri, na ugonjwa wa sailensi una nafasi zaidi ya kujificha.

Kupima kwenyewe hakuhitaji mitambo mikubwa. Kwanza ni kusikiliza. Mtetemo wenye pigo la kurudiarudia, injini ikiwa baridi au moto, huelekeza kwenye silinda moja. Mshale wa mizunguko ukipanda na kushuka wenyewe, huenda injini inavuta hewa ya wizi mahali fulani, au njia ya hewa ya sailensi imejaa masizi. Mshale ukitulia lakini bodi ikatikisika, injini inaweza kuwa nzima na kilichokufa ni raba zinazoibeba, yaani mauntingi. Hewa ya wizi hutafutwa kwa kunyunyizia maji ya sabuni kwenye mipira na maungio ya manifodi. Mlio ukibadilika, tundu liko hapo. Wapo wanaonyunyizia petroli kwenye injini ya moto. Hao wanacheza na moto, na gari la mteja ndilo litakaloungua.

Silinda mgonjwa hupatikana kwa kuchomoa soketi za nozeli moja baada ya nyingine, injini ikiwa inanguruma. Silinda nzima ikinyimwa petroli, injini hulegea na kutikisika zaidi. Ile ambayo soketi yake ikichomolewa hakuna kinachobadilika, ndiyo haifanyi kazi. Kisha plagi yake ihamishiwe silinda ya jirani. Ubovu ukihama nayo, plagi imekufa. Usipohama, ijaribiwe koili au waya kwa njia hiyohiyo. Hadi hapo hakuna spea hata moja iliyonunuliwa.

Toyota nyingi za miaka ya 1990 zenye mfumo wa nozeli zina pia kiboksi chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Tundu la TE1 likiunganishwa na E1 kwa kipande cha waya, ufunguo ukawekwa ON bila kupiga stata, taa ya injini kwenye dashibodi huhesabu makosa kwa kumetameta. Mara mbili, pumziko, kisha mara mbili tena ni namba 22, yaani sensa ya joto la maji. Ikimetameta haraka bila kupumzika, kompyuta haijaona kosa. Hiyo haina maana kwamba gari ni zima, kwani kompyuta hiyo haioni raba iliyochoka wala vali iliyoungua.

Mwanza ina mambo yake pia. Mji uko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hivyo kabureta iliyosetiwa Dar es Salaam hutoa petroli nyingi kidogo kwa hewa nyepesi ya huku, na plagi huwa nyeusi mapema. Petroli ya madumu inayouzwa mialoni huweza kuwa na maji, au kuwa imekwisha changanywa na oili kwa ajili ya mashine za mitumbwi. Uchakachuaji kwa mafuta ya taa ulibanwa baada ya EWURA kuanza kuweka vinasaba mwaka 2010 na Serikali kupandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011, lakini vinasaba havilindi dumu lililoachwa wazi kwenye mvua.

Gereji zinapaswa kuweka bei ya kupima peke yake, ijulikane kabla boneti haijafunguliwa, na mteja ailipe hata kama ubovu ni mpira wa kukatwa ncha. Naye ana haki ya kuonyeshwa silinda ipi ni mgonjwa kabla ya kutumwa dukani.

Yote hayo yakishindikana, ipimwe kompresheni ya kila silinda. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, itiwe oili kidogo kupitia tundu la plagi na kupimwa tena. Kipimo kikipanda, ringi zimechoka. Kisipopanda, ni vali au gasketi ya silinda hedi. Hesabu ya kutafuta injini nyingine ya mtumba ianze hapo, si kabla.